Anayeitika Kashindwa

Kila siku saa nane mchana Sindano alivua sare ya shule, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha akaenda uani kuosha vyombo. Alikuwa na utaratibu wake: vikombe kwanza, sahani baadaye, sufuria mwisho, kwa sababu sufuria ndizo zenye ubishi. Siku hiyo alikuwa amefika kwenye kikombe cha tatu aliposikia akiitwa.

"Sindaaano!"

Jina lilivutwa katikati kama uzi unaopimwa urefu, kisha likakatwa ghafla. Mtu mmoja tu duniani alimwita hivyo. Kikombe kilimponyoka, kikatumbukia kwenye karai na kumrushia maji miguuni.

Mtu huyo alikuwa bibi yake, na bibi yake hakuwa ametamka neno hata moja kwa wiki nne.

Sindano alijifuta mikono kwenye gauni, akaingia ndani polepole. Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi. Bibi alilala kama walivyomlaza asubuhi, uso juu, mdomo umevutika upande mmoja, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu ambacho mtu amekisahau hapo. Cherehani yake ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa. Chini, juu ya mkeka, alikaa Kifungo, mdogo wake Sindano mwenye miaka minne, akipanga vifungo vya rangi mbalimbali mstari mmoja.

"Kifungo," Sindano alinong'ona, "nani ameniita?"

Mtoto aliinua macho, akatabasamu, akaweka kidole kimoja juu ya midomo yake.

Sindano alikijua kidole kile. Yeye ndiye aliyemfundisha.

*

Sindano na Kifungo hayakuwa majina ya kwenye cheti. Bibi alikuwa mshonaji wa miaka arobaini, naye alimpa kila mtu wa nyumba ile jina kutoka kwenye kikapu chake cha kazi. Baba yao, fundi seremala, aliitwa Mkasi, kwa kuwa hakuna hadithi aliyoisikiliza bila kuikata. Kifungo alizaliwa mdogo na wa mviringo, na kila mara alipotea chini ya meza. Sindano aliitwa hivyo kwa sababu tangu macho ya Bibi yaanze kufifia, yeye ndiye aliyemtungia uzi.

Bibi hakuwa mkali. Lakini katika jambo moja hakuwa na mzaha.

"Ukiitwa, itika," alizoea kusema huku mguu wake ukikanyaga cherehani. "Msichana ni 'abee'. Mvulana ni 'naam'. 'Mee' ni ya mbuzi, na 'nini' ni ya mtu anayetafuta ugomvi."

"Na kama sina nafasi, Bibi?"

"Itika kwanza, halafu useme huna nafasi. Anayekuita amekurushia uzi. Usipoushika upande wako, atabaki peke yake na uzi unaoning'inia."

Wiki nne kabla ya siku ile ya kikombe, Sindano alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, akisoma kitabu cha hadithi alichoazimwa na mwenzake wa darasani. Kilitakiwa kurudishwa kesho yake na zilibaki kurasa mbili. Kifungo alikaa ubavuni mwake, akichorachora mchangani. Kupitia dirishani ilisikika cherehani ya Bibi, tak-tak-tak. Mara ikanyamaza.

"Sindaaano!"

Uzi umekatika tu, Sindano alijiambia. Unaweza kungoja kurasa mbili.

Kifungo alifungua mdomo. Yeye alipenda kuitika hata akiitwa mtu mwingine. Sindano akamwekea kidole midomoni.

"Shh. Huu ni mchezo. Anayeitika kashindwa."

Mtoto alifurahi sana. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bibi akaita mara ya pili, sauti ikiwa ya chini zaidi. Mara ya tatu jina halikumalizika. "Sinda..." basi.

Sindano alisoma hadi mwisho. Hadithi ile ilimalizika vizuri, ingawa mpaka leo hakumbuki kwa namna gani. Alipoingia ndani alimkuta Bibi sakafuni, ameegemea sanduku lake la vitambaa, sindano iko katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, tupu, haina uzi.

Daktari alisema ni kiharusi. Mama alipouliza, "Mlikuwa wapi?" Sindano alijibu, "Dukani. Tulikuwa tumekwenda dukani, Mama." Mama akamkumbatia. Jirani yao, aliyepewa jina la Mama Kengele kwa ukubwa wa sauti yake, akamshika kichwa na kusema, "Masikini, mtoto wa watu. Umeyaona makubwa." Huruma ile ilimuuma Sindano kuliko kofi.

Bibi aliporudi kutoka hospitali, Mama aliweka kikombe cha bati na kijiko kwenye kigoda, karibu na mkono wake mzima. "Mama, ukitaka chochote gonga tu. Tutakuja." Bibi alikitazama kikombe. Akamtazama Sindano, au Sindano alidhani ametazamwa. Kisha akageuza macho kwenye dari. Tangu siku ile hakugonga hata mara moja. Akiwa na kiu alingoja mpaka mtu aingie.

"Hana nguvu," watu walisema.

Sindano hakuamini. Bibi aliita mara tatu akakosa wa kumwitika. Kwa nini aite tena?

Na bado alimsikia. Mchana, akiwa peke yake uani, jina lake lilikuja kutoka ndani, likivutwa na kukatwa. Kila alipoingia, Bibi alikuwa kimya vilevile. Jambo jingine lilimtokea ambalo hakumwambia mtu: neno "abee" lilimkataa. Mwalimu akiita majina alisema "nipo". Mama akimwita alikuja mbio bila kusema kitu. Neno lilifika kooni na kugoma, kama mlango uliovimba kwa mvua.

*

Mama alifanya kazi ya kufua nguo hospitalini. Alitoka alfajiri na kurudi saa kumi, akinuka sabuni. Asubuhi Mama Kengele ndiye aliyekaa na Bibi na Kifungo, na mchana Sindano alipokea zamu.

"Kifungo!" Mama aliita siku ile kutoka mlangoni. "Njoo uone nilichokuletea."

Kimya.

"We Kifungo!"

Alikuwa chini ya meza. Miguu yake ilionekana.

Mama Kengele, aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya pili ya njia, aliamua kusaidia. Alivuta pumzi na kuita, na mbwa wa mtaa wa pili akabweka.

"Haya," alisema, "hata mbwa ameitika. Huyu wenu bado."

Mama aliinama, akamvuta Kifungo kutoka mafichoni. "Masikio haya umeyaazima wapi, mwanangu? Ya kwako yalikuwa yanasikia." Mtoto alitabasamu tu. Mama akamgeukia Sindano, na sasa hakuwa akitania. "Mwezi mzima yuko hivi. Jumatatu anaanza chekechea. Mwalimu ataita jina lake, atakaa kama gogo, na watu watasema hatukumlea. Bibi yako yupo ndani anayasikia yote haya. Mimi nashinda kazini, baba yenu yuko mbali na kazi zake. Wewe ndiye unayekaa naye. Mfundishe adabu."

"Ndiyo, Mama."

Sindano alimkalisha Kifungo kwenye mkeka na kumwekea karanga tano mbele yake.

"Nikisema 'Kifungo', wewe unasema nini?"

Mtoto alizitazama karanga kwa majonzi. "Sisemi."

"Unasema 'naam'. Ukisema, unapata moja. Kifungo!"

Kimya.

"Kwa nini husemi?"

"Nikisema nashindwa."

Sindano alitazama kitandani. Macho ya Bibi yalikuwa wazi. "Mchezo ule umekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Umekwisha zamani, Kifungo."

"Haujaisha," alijibu mtoto. "Wewe bado unashinda."

Sindano hakuelewa, na hakutaka kuuliza. Alimpa karanga zote tano ili anyamaze. Jioni Mama alipouliza somo limekwendaje, maneno yalimjia mdomoni, yote, tangu kitabu hadi duka. Lakini Mama alikuwa amechoka, viganja vyake vimekunjamana kwa maji ya dawa. "Bado mdogo, Mama," Sindano alisema. "Ataelewa tu."

*

Alhamisi mchana Sindano alimwacha Kifungo na vifungo vyake chumbani kwa Bibi, akaenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu kidogo. Aliporudi, vifungo vilikuwa kwenye mstari wao mkekani, lakini mtoto hakuwepo.

"Kifungo!"

Aliinama chini ya kitanda. Aliinama chini ya meza. Alifungua mlango wa jiko na wa choo. "Kifungo, toka, nimeleta karanga." Nyumba ilinyamaza kabisa.

Alitoka njiani. Upande wa kushoto kulikuwa na barabara ya malori. Upande wa kulia kulikuwa na mtaro, na mvua ya jana ilikuwa imeujaza maji ya rangi ya chai. Sindano aliutazama, akapiga kelele.

"Mama Kengele! Kifungo hayupo!"

Mama Kengele aliacha nguo zake kwenye beseni. Aliita mpaka watu wakatoka majumbani. Fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka, akakimbilia barabarani. Vijana wawili walichukua fito na kuanza kupima kina cha mtaro. Kila mmoja aliita jina la mtoto, kisha kila mmoja alinyamaza kidogo kusikiliza, na hicho ndicho kilichomtisha Sindano kuliko yote. Kimya kile kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekishona, mshono kwa mshono.

Mama alitokea kona ya njia, mkoba begani. Alipowaona vijana na fito mtaroni, aliudondosha mkoba na kukimbia.

Hapo ndipo sauti ikasikika kutoka ndani ya nyumba.

Ngo. Ngo. Ngo.

Bati na kijiko.

"Ni Bibi," alisema Mama Kengele, akimshika Mama mkono. "Kelele zetu zimemshtua. Mwache kwanza, tumtafute mtoto."

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu. Sindano alisimama kati ya mtaro na mlango. Watu wazima wote walielekea kwenye maji. Wakati huohuo mtu mmoja alikuwa akiita, na alikuwa akiita kwa nguvu ya mkono mmoja tu aliobakiwa nao.

Sindano aligeuka, akakimbia ndani.

Bibi alikuwa amejiburuta hadi ukingoni mwa kitanda. Jasho lilimtiririka. Alipomwona mjukuu wake aliacha kugonga, akanyoosha kijiko kuelekea pembeni mwa chumba, kwenye sanduku la vitambaa. Mama alikuwa amewarudishia wateja vitambaa vyao, na sanduku lilikuwa karibu tupu. Mfuniko wake ulikuwa mzito, na komeo lake la chuma lilikuwa na tabia ya kujifunga lenyewe.

Komeo lilikuwa limejifunga.

Sindano alilivuta mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Mfuniko ukafunguka, joto likampiga usoni. Kifungo alikuwa amejikunja ndani, shati limelowa chapachapa, uso umejaa jasho, macho yamelegea. Kidole kimoja kilikuwa juu ya midomo yake.

"Mama!" Sindano alipiga kelele. "Yuko huku!"

*

Walimlaza juu ya mkeka. Mama alimpepea kwa kipande cha kitambaa, akamnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Mama Kengele alishika mlango, akiwazuia watu wasijae chumbani. Baada ya muda macho ya mtoto yalitulia. Alimtazama Mama, akamtazama dada yake.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda nini, mwanangu?"

"Mchezo. Mmeniita wengi, na mimi sijaitika." Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na fahari. "Hata kulipokuwa giza sijaitika. Dada alinifundisha. Bibi akiita, tunanyamaza. Anayeitika kashindwa."

Mama aliacha kupepea.

"Na mimi nikicheza naita kama Bibi," mtoto aliendelea. Alinyoosha shingo. "Sindaaano!" Ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, lakini mvuto ulikuwa uleule na mkato ulikuwa uleule. "Halafu Dada haitiki. Dada anashinda kila siku."

"Anasema nini huyu?" Mama aliuliza taratibu.

Ingetosha Sindano kusema, "Anajitungia tu." Nani angemwamini mtoto wa miaka minne? Lakini alilitazama lile shati lililolowa, akaona kwamba uongo wa duka ulikuwa na komeo kama la sanduku, na ulijifunga wenyewe kila siku.

"Hatukwenda dukani," alisema. "Tulikuwa hapo nyuma, chini ya dirisha. Bibi aliniita mara tatu. Nilimsikia zote tatu. Nilikuwa nasoma, nikamwambia Kifungo tunyamaze, huo ni mchezo. Nikadanganya."

Mama Kengele alitoka nje bila kuambiwa, akawaondoa na watu waliokuwa dirishani. Mama aliketi juu ya sanduku, mikono yake ya kazi imelala mapajani.

"Kama ungeitika, sijui ingekuwaje," alisema. "Daktari mwenyewe hakusema. Siwezi kukudanganya kwamba dakika zile hazikuwa kitu. Wala sitakutwisha kiharusi, maana si wewe uliyekileta. Lakini Bibi yako alikaa sakafuni peke yake huku mjukuu wake yuko hatua kumi. Hilo ni lako."

Sindano aliinamisha kichwa kukubali. Machozi yalimdondoka, akayaacha.

"Nami nilikosea," Mama alisema. "Nilikuambia umfundishe mdogo wako adabu kwa maneno na karanga. Mtoto hafundishwi hivyo. Anakutazama wewe unafanya nini ukiitwa, naye anafanya hivyohivyo. Somo lako alilishika vizuri sana, ona. Angekufa nalo." Alimvuta Kifungo mapajani. "Kule kazini tunasema doa hutoka upesi likiwa bichi. Lako limekaa mwezi. Litatoka, lakini litataka kusuguliwa, na wa kulisugua si mimi. Mimi sikukuita siku ile."

Alionyesha kitandani kwa kidevu.

Sindano alisogea, akapiga magoti. Bibi alikuwa amefumba macho. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

"Bibi," alianza, "nilikusikia. Nilidhani ni uzi umekatika. Nilitaka kumaliza kitabu. Ulishika uzi peke yako. Nisamehe, Bibi."

Bibi hakufumbua macho. Chozi moja lilitoka kwenye jicho la upande mzima, likashuka hadi sikioni. Kisha aligeuza uso ukutani.

Sindano hakuinuka. Nje, fundi baiskeli alirudi kwenye gurudumu lake. Mama Kengele alisikika akikamua nguo bila kuimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Jua lilitoka kwenye cherehani, likapanda ukutani polepole. Magoti yalimuuma Sindano, akayaacha yaume. Kama Bibi asingegeuka leo, angerudi kupiga magoti kesho.

Mkono wa Bibi ulisogea. Ulikipapasa kigoda, ukakipata kikombe.

Ngo.

Mara moja tu, taratibu.

Mapajani mwa Mama, Kifungo alishtuka. Kidole chake kilipanda haraka hadi midomoni, akamtazama dada yake aone kama safari hii pia atashinda.

Sindano alinyoosha mkono, akakishika kile kidole kidogo, akakishusha. Kisha akafungua mdomo.

"Abee, Bibi," alisema, kwa sauti ambayo hata Mama Kengele aliisikia kule nje. "Abee. Nimekuja."